Treyi ya umeme: kabla ya kununua, angalia namna inavyosimama

Kila mwaka mvua ikianza, karibu na mwezi wa 11, mambo ni yale yale katika Haut-Katanga na Lualaba. Ukiacha lami na kuingia njia ya sondaji ao ya mashamba, udongo mwekundu unageuka potopoto. Motokari inakwama. Shofere anakanyaga mafuta, mipira inazunguka bure, na motokari inazidi kuzama. Watu wanashuka kusukuma, wanapakwa matope mpaka kichwani, na motokari haisogei. Siku hiyo, mwenye treyi mbele ya motokari yake ni mtu mkubwa. Anafungua kabule, anaifunga kwenye mti, anabonyeza kifungo, na kumbe, motokari inatoka.

Treyi ni ile mashini yenye pipa la kuzungushia kabule, inayofungwa mbele ya pick-up ao jeep. Ndugu zetu wa Zambia na Tanzania wanaiita winchi. Tunaandika juu yake kwa sababu haiko tena kitu cha kampuni peke yake. Wafanyakazi wengi wananunua pick-up ya mtumba, ao wanachanga pesa watu wawili watatu, kusudi wabebe makala na mahindi kutoka pori. Halafu wanatafuta treyi. Pesa hiyo ni nyingi, inatoka katika mfuko wa nyumba, kwa hiyo mama wa nyumba pia asome mpaka mwisho.

Ukiuliza watu treyi nzuri ni ipi, wengi watajibu: ile yenye nguvu. Jibu hilo ni nusu tu. Nguvu inayotoa tani tatu katika matope ndiyo nguvu ile ile inayoweza kukata mguu wa mtoto aliyekuja kutazama. Treyi ya kuaminika ni ile inayovuta ukiiambia vuta, inayosimama mara moja ukiiambia simama, na inayoshika mzigo bila kurudi nyuma. Katika duka watu wanauliza juu ya neno la kwanza. Juu ya hayo mawili mengine hawaulizi.

Tuanze hata hivyo na nguvu, maana hapo pia kuna udanganyifu. Nguvu ya treyi inaandikwa kwenye sanduku kwa paundi ao kwa kilo. Paundi 9,500 ni karibu kilo 4,300. Paundi 12,000 ni karibu kilo 5,440. Lakini hesabu hiyo ni ya tabaka la kwanza la kabule, yaani wakati kabule karibu yote imetoka na imebaki ile iliyolala juu ya chuma cha pipa. Kabule ikijizungusha juu ya kabule nyingine, pipa linakuwa nene, na mota inachoka zaidi kwa kazi ile ile. Kila tabaka linapunguza nguvu kwa sehemu moja ya kumi na zaidi kidogo. Ukifika tabaka la nne, treyi ya kilo 4,300 imebaki na karibu kilo 2,900.

Kwa hiyo, muuzaji akikuambia, « Papa, hii inavuta tani tano, » umuulize kwa heshima: « Ni katika tabaka la kwanza ao la mwisho? » Muuzaji anayejua kazi yake atakufungulia karatasi ya mtengenezaji, yenye safu ya nguvu kwa kila tabaka. Asiye na karatasi hiyo, mwachie treyi yake.

Hapa kuna faida moja isiyolipishwa pesa: mti ulio mbali ni bora kuliko mti ulio karibu. Watu wanapenda kufunga kabule kwenye mti wa mita tano kwa sababu ya uvivu, kisha wanasema treyi ni mbaya. Wakitafuta mti wa mita 20, kabule inatoka nyingi, na treyi ile ile inapata nguvu. Hata hivyo hapana kuimaliza yote. Kabule ya chuma ibaki mizunguko 5 juu ya pipa. Kamba ya nyuzi ibaki 10. Kifungo kile kidogo kinachoshika ncha ya kabule ndani ya pipa hakikutengenezwa kubeba mzigo. Ni mizunguko ndiyo inayobeba.

Sasa motokari yako inahitaji nguvu gani? Watengenezaji wanashauri uchukue uzito wa motokari pamoja na mzigo wake, uongeze nusu. Pick-up ya Land Cruiser yenye watu na vyombo inafika tani 3. Ongeza nusu, unapata tani 4 na nusu, ndiyo karibu paundi 10,000. Lakini upime uzito kama motokari inavyotembea kweli kweli, si kama ilivyoandikwa katika kitabu. Pick-up iliyobeba magunia ya makala mpaka juu ya kabini haina tani 3 tena.

Na tope lenyewe linaongeza uzito. Wanajeshi wanaofundisha kuokoa magari wana kanuni ya kukadiria: motokari iliyozama mpaka urefu wa magurudumu inahitaji mvuto sawa na uzito wake, iliyozama mpaka kwenye vifuniko vya magurudumu, mara mbili, iliyozama mpaka kabini, mara tatu. Pick-up yetu ya tani 3 iliyozama mpaka kwenye vifuniko inaomba tani 6. Treyi ya tani 4 na nusu haiwezi. Mtu akiilazimisha, kitu fulani kitakatika, na hakuna anayejua ni kitu gani.

Dawa yake haiko kununua treyi ya kutisha. Dawa ni jembe na puli. Dakika kumi na tano za kuchimba mbele ya magurudumu na kutoa tope chini ya tumbo la motokari zinapunguza kazi sana. Puli nayo ni gurudumu dogo la chuma linalofunguka: kabule inakwenda mpaka kwenye puli iliyofungwa kwenye mti, inarudi mpaka kwenye motokari yenyewe. Nguvu inakuwa karibu mara mbili, mwendo unakuwa nusu. Angalia lakini jambo hili ambalo wengi hawalijui: mkanda unaofunga puli kwenye mti unabeba pande mbili za kabule, yaani mzigo mara mbili. Treyi ikivuta tani 4, mkanda na manili ya pale vinabeba tani 8. Manili zile za milimita 19 zinazouzwa pamoja na vyombo vya jeep zimeandikwa tani 4.75. Soma maandishi yaliyogongwa juu ya chuma. Manili isiyo na maandishi, weka kwenye mlango wa banda la kuku.

Tukumbuke vile vile tirfori, ile treyi ya mkono inayojulikana katika kila garage ya mine. Ile kubwa inayotumiwa sana inavuta kilo 3,200, ile ya katikati kilo 1,600. Inakwenda pole pole na inachosha mikono, lakini haina batri, haina nyaya za umeme, na inavuta upande wowote, hata nyuma. Kwa mtu anayekwama mara mbili kwa mwaka, mimi ningemshauri tirfori ya kweli kuliko treyi ya umeme ya bei ya chini.

Umeme ndio unaoangusha treyi nyingi. Treyi ya volti 12 ikivuta mzigo wote inakula amperi 400 na zaidi. Mama zetu wanajua pasi ya umeme ya wati 1,000 inavyomaliza kura nyumbani; treyi hiyo inakula kama pasi karibu tano kwa wakati mmoja, na chakula chote kinatoka katika batri. Alternateri ya motokari haiwezi kulipa deni hilo, inasaidia tu. Ndiyo sababu mota ya motokari iwake wakati wote wa kuvuta, na batri iwe nzima. Batri ya zamani inayowasha motokari kwa shida haiwezi kuvuta treyi. Voltaji ikishuka, mota ya treyi inapata moto, na nyumba ya nyaya zake inanuka kuungua.

Nyaya kati ya batri na treyi ziwe nene: milimita za mraba 35, na zaidi kama batri iko mbali. Zifunikwe vizuri mahali zinapopita karibu na chuma. Waya wa treyi uliomenyeka na kugusa shasi hauna fyuzi ya kuuzima, na motokari inaweza kuungua yote.

Mota ziko za namna mbili. Moja ina sumaku za kudumu ndani. Inakula umeme kidogo kidogo na bei yake ni nafuu, lakini ikifanya kazi nzito kwa muda inapata moto na kupoteza nguvu. Nyingine ina nyaya zilizozungushwa pahali pa sumaku. Ndiyo inayofaa kazi nzito. Lakini hata hiyo nzuri haikutengenezwa kuvuta bila kupumzika. Vuta dakika moja, simama, gusa mota kwa mgongo wa mkono. Ukishindwa kuacha mkono pale, ngoja. Motokari iliyokaa katika tope tangu asubuhi haitakasirika kukaa tena dakika kumi.

Hapa tunafika kwenye jambo linalonihangaisha zaidi. Kati ya kifungo unachobonyeza na mota yenyewe kuna kisanduku cha kontakteri. Kifungo chako kinatuma umeme kidogo, na kontakteri inafunga njia ya umeme mkubwa. Ndani yake kuna vipande vya shaba vinavyogusana. Kontakteri ikiwa ya hali ya chini, ikiingiwa na maji, ao batri ikiwa dhaifu, vipande hivyo vinaweza kuungana kwa moto kama vimesoderwa. Siku hiyo unaachilia kifungo na treyi inaendelea kuvuta. Ndoano inafika kwenye mdomo wa treyi, kabule inakazika, na kama mkono wa mtu uko pale unaongoza kabule, vidole vinaingia.

Kwa sababu hiyo, treyi isiyo na kizimio kikubwa cha batri haijakamilika, hata ikiwa ya jina kubwa. Kizimio hicho ni swichi ya kuzungusha kwa mkono, iliyo kati ya batri na treyi, mahali ambapo mtu anaifikia bila kupita mbele ya kabule. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya treyi. Wakati wa safari kinakaa kimezimwa. Kinawashwa wakati wa kazi tu. Na mtu mmoja awe na kazi hiyo peke yake: mkono juu ya kizimio, macho kwa shofere.

Tazama pia alama ya kuzuia maji. Alama IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa, na kitu kinaweza kuzama mita 1 katika maji kwa dakika 30. Kwa vivuko vyetu na vumbi letu, usikubali chini ya hiyo, na uulize kama alama ni ya mota peke yake ao na ya kontakteri. Mara nyingi mota ni IP67, na kisanduku cha kontakteri kinapitisha maji kama kikapu.

Sasa kabule. Wote tunajua manati ya watoto ya kupigia ndege: ukivuta mpira, nguvu inakaa ndani yake ikingoja. Kabule iliyokazwa ni manati ya tani nyingi. Ikikatika, ao ndoano ikiteleza, inarudi kwa mwendo ambao jicho halioni, na ile ya chuma ni nzito, inapitia kioo cha mbele. Kuna leo kamba za nyuzi za polietileni zilizo na nguvu kama chuma cha unene ule ule, na uzito wake hauko hata robo. Ikikatika, inarudi pia, lakini haibebi kipigo kama cha chuma. Haina miiba ya kuchoma mikono, na mtu mmoja anaibeba begani.

Lakini kamba hiyo haipendi nchi yetu sana. Jua linaila. Mchanga wa laterite unaingia kati ya nyuzi na kuzisaga kutoka ndani. Ikipita juu ya jiwe lenye makali inakatika, pahali ambapo chuma ingevumilia. Na inayeyuka karibu na joto la digri 150, jambo la kukumbuka kwa treyi ambazo freni yake iko ndani ya pipa, maana freni hiyo inapata moto wakati wa kushusha motokari kwenye mteremko. Kwa maoni yangu kikundi chenye kapita mwangalifu kichukue kamba ya nyuzi, kiifunike na kitambaa, kiioshe kwa maji safi baada ya kila tope. Mtu asiyeosha hata motokari yenyewe achukue chuma. Ukibadilisha chuma kwa nyuzi, badilisha pia mdomo unaopitisha kamba: chuma kinapita kati ya visilinda vinavyozunguka, nyuzi zinataka mdomo laini wa aliminiamu. Visilinda vilivyokwaruzwa na kabule ya zamani vinakata kamba mpya kama msumeno.

Juu ya kabule ya chuma, angalia pahali palipojikunja. Kabule ikisha kupata kovu la mkunjo, hata ukiinyoosha na nyundo, nguvu yake haitarudi. Nyuzi zikianza kusimama kama miiba, ni wakati wa kuitoa. Ganti za ngozi sikuzote, na hapana kuacha kabule iteleze ndani ya mkono.

Treyi ifungwe kwenye shasi kwa bulu zenye alama 8.8 ao zaidi, si kwenye bati la pare-choc. Fundi wa mtaa atakuambia kulehemu kunatosha. Mwombe alehemu geti lako. Vile vile kichwa cha mviringo cha kuvutia remorki kisifungwe kabule hata mara moja: kikivunjika kinakuwa risasi ya kilo mbili.

Neno moja kwa wale walio karibu na mashimo. Treyi ya motokari haikutengenezwa kuinua mtu. Wafanyakazi wa chini ya ardhi, kama wale wa Kipushi ao Kamoto, wanajua kaji yao inavyolindwa: freni zaidi ya moja, vyombo vya kuzuia mwendo kupita kiasi, kabule inayokaguliwa kwa tarehe. Treyi ya pick-up haina hata kimoja. Freni yake imepimwa kushika motokari juu ya magurudumu, na watengenezaji wanaandika wazi katika karatasi zao kwamba ni marufuku kuinulia watu. Lakini mtu anaanguka katika kisima, jamaa wanalia, na mwenye pick-up anaombwa alete treyi. Jibu ni kuita watu wa uokoaji, na kushusha kamba ya mkono inayoshikwa na watu wengi. Kontakteri ikishikana wakati mtu yuko kwenye ndoano, hakuna wa kumsaidia.

Siku ya kununua, nenda na fundi wa umeme na batri nzima. Inua treyi kwanza: ile ya paundi 9,500 yenye kabule ya chuma inapita kilo 30. Nyepesi sana iliyoandikwa 12,000 ni ya kuiga. Iwashe, achilia kifungo, sikiliza: pipa lisimame papo hapo, lisiendelee hata robo ya mzunguko. Fanya hivyo mara ishirini, muuzaji acheke akitaka. Omba kuvuta motokari juu ya mteremko mdogo, freni za motokari zikiwa wazi na mtu akiwa tayari kwenye usukani, kisha achilia kifungo katikati. Motokari ibaki pale pale. Ikirudi nyuma pole pole, freni ya treyi ni mbaya. Uliza tena kama kontakteri, makaa ya mota na mafuta ya gia vinapatikana Lubumbashi ao Kolwezi, maana treyi isiyo na vipuri ni kilo 40 za chuma zinazochosha springi za mbele.

Kifungo kiwe na waya mrefu, unaofika mpaka ndani ya kabini. Shofere avutie kutoka ndani, kapo ikiwa imeinuliwa kama ngao mbele ya kioo, na koti nzito ao blanketi yenye tope itupwe katikati ya kabule kusudi iishushe chini ikikatika. Wengine wote wakae mbali, mara moja na nusu ya urefu wa kabule iliyotoka: kabule ya mita 20, watu mita 30. Kwa puli, hakuna mtu ndani ya pembe inayofanywa na kabule. Watoto wa kijini watakuja kutazama, kila mara wanakuja. Mtume kijana mmoja awashikilie nyuma kabla ya kukaza kabule, si baada.

Na katika kiangazi, wakati hakuna anayekwama, toa kamba yote mara moja kwa mwezi, ioshe, iangalie mita kwa mita, kisha iirudishe ikiwa na mzigo mdogo, motokari ikijivuta yenyewe pole pole juu ya uwanja. Kamba iliyorudishwa bila mzigo inalala ovyo juu ya pipa, na siku ya tope tabaka la juu linazama katikati ya yale ya chini na kukwama pale.